Sita Nukta Tano

Orest aliiandika kwa rangi ya kucha,
ile nyekundu yangu niliyodhani imepotea:
6.5, ubavuni mwa kisanduku cha plastiki
kilichofungwa chini ya dashibodi, karibu na goti lake.
Miaka tisa, kwenye kiti cha abiria,
nilidhani ni saa iliyoharibika.

Kwetu Saskachewani nchi ni sinia.
Ukiinua mguu, pikapu husimama yenyewe kwa uvivu,
na trela letu, yai jeupe la futi kumi na tatu,
hufuata nyuma kama ndama aliyeshiba.
Breki za umeme za nini? nilimuuliza
siku aliyolala chini ya ekseli,
miguu tu nje, soksi moja imetoboka kisigino.
Za siku ya kushuka, akasema,
halafu akataka nimpitishie kitambaa.

Septemba hii nimekuja milimani.
Kiti cha abiria kimebeba ramani na matufaha mawili.

Creston, kituo cha mafuta. Mvulana wa kuuza gesi,
Keegan, chunusi kidevuni, kofia nyuma mbele,
akaniuliza: Umezipima?
Nikamwonyesha namba, kama mtu anayetoa cheti.
Hakushtuka.
Akanipeleka kwenye uwanja wa kokoto nyuma ya ghala la mbao.
Nenda arobaini, usiguse pedali,
bana hako kawenzo kwa gumba.

Nikabana.
Kokoto zikapiga yowe.
Magurudumu mawili yakakataa kuzunguka,
yakaburutwa kama mtoto asiyetaka shule,
vikombe vikamwagika kabatini.
Umeme mwingi mno, akasema Keegan. Trela lako jepesi.
Umeacha nini nyumbani?

Sikumjibu. Nilihesabu moyoni:
sanduku la spana, kilo arobaini.
Jenereta. Buti za kuvulia samaki.
Chupa za matango ya siki alizozipanga chini ya kitanda
kana kwamba vita vinakuja.
Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda trela likitembea,
ila uzito wake wote ulikuwa humo.

Tukashusha. Sita. Tano na nusu.
Kwenye tano, sumaku zikazikamata ngoma zake
bila kelele, kama mkono begani.
Keegan hakutaka pesa. Alichukua tufaha.

Nikakagua plagi, minyororo,
na ule waya mwembamba wa dharura:
pini yake ikichomoka, trela hujifungia breki lenyewe,
husimama bila kumngoja mwenye gari.
Niliukagua mara tatu. Mara ya tatu sikuwa naangalia waya.

Kisha mteremko. Kibao cha njano, lori limeinamisha pua.
Gia ya pili, injini ikilalama,
ukuta wa mwamba huku, hewa tupu huku.
Lori la magogo likanipita na upepo wake,
na yai likaanza kucheza kiooni:
kushoto, kulia, kushoto zaidi,
mlevi anayetafuta mlango.
Mguu uliitaka pedali. Mguu hutii woga upesi.
Sikuuruhusu.
Gumba likapapasa, likakiona kisanduku, likaminya,
si kwa nguvu, ni vile uminyavyo parachichi dukani
kujua kama limeiva,
na trela, kama aliyeshikwa shati kwa nyuma,
likanyooka.

Chini, kwenye maegesho ya kando ya mto,
nilishuka nikagusa magurudumu kwa mgongo wa mkono.
Ya moto kiasi. Hayakunuka.
Nikala tufaha lililobaki nimeegemea ubavu wa yai,
chuma kikipoa kwa ndani, tik, tik,
kila kimoja kwa wakati wake.

Namba yake sikuifuta.
Nilitafuta rangi ya kucha mkobani, sikuwa nayo,
nikaiandika yangu kwa kalamu ya wino, chini ya yake.
Haikushika. Plastiki ilikuwa laini mno.
Nitanunua rangi Nelson, kama maduka hayajafungwa.